UZI: Vita vya mezani viue kiasi gani? Mimi nasema tazameni siku ya pili

#1 Nahodha wa Meza (mleta uzi), Kibokoni

Salaam wanajukwaa.

Jumamosi iliyopita tumempoteza mhusika mezani kwetu, kwenye mchezo wetu wa dadu wa kuigiza wahusika, na tangu siku hiyo sijapata raha. Aliyekuwa akimcheza ni mpwa wangu, yuko kidato cha tatu. Mhusika wake alikuwa mpiga upinde kutoka Faza, na amekuwa naye tangu kabla ya Ramadhani. Walitoka ngomeni Fort Jesus usiku kutafuta chakula upande wa bara, wakavamiwa, mshale mmoja ukampata begani. Mimi ndiye mwendeshaji, na nilikuwa nimeandika kwenye daftari langu kwamba mishale ile imepakwa msunguti. Sumu ya msunguti ikiingia kwenye damu husimamisha moyo. Nikarusha dadu, nikamwambia amekufa.

Hakupiga kelele. Aliikunja karatasi yake mara mbili akaniambia, "Mjomba, hata sikujua kama pale naweza kufa."

Neno hilo ndilo lililonifanya niandike uzi huu. Sumu ni kweli na mshale ni kweli. Lakini yeye aliamua kutoka ngomeni bila kujua bei ya kutoka, na bei nilikuwa nayo mimi peke yangu kwenye daftari. Nimeona kosa ni langu na nimemwambia hivyo mbele ya wenzake.

Kwa mgeni wa michezo hii: tunakaa watu watano au sita, kila mmoja anashika mhusika wake, mwendeshaji anasimulia dunia, na jambo likiwa na mashaka dadu ndilo linaamua. Mhusika ana pointi za uhai. Ugomvi wa miaka yote ni huu: pointi zikiisha, nini kinatokea?

Dungeons & Dragons ya kwanza, iliyotolewa 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, haikuwa na huruma. Mchawi anayeanza alikuwa na pointi za dadu moja la pande sita, na silaha zote ziliumiza kwa dadu moja la pande sita. Fanyeni hesabu wenyewe: pigo likimpata, linamuua mara 21 kati ya 36. Ukifika sifuri umekwenda. Toleo la 2014 likaja kinyume chake. Ukifika sifuri unaanguka, kisha kila zamu unarusha dadu la pande 20. Kuanzia 10 kwenda juu umefaulu, chini yake umeshindwa. Ukifaulu mara tatu umetulia, ukishindwa mara tatu umekufa. Katikati hapo mwenzako akikutibu hata kwa pointi moja, unasimama unapigana. Halafu mnalala kwa muda wa saa 8, na asubuhi kila mtu mzima kama vile jana hapakuwa na upanga.

Watu hubishana juu ya hiyo sifuri: iue au isiue. Nimebishana hivyo miaka mingi mimi mwenyewe. Leo naona tulikuwa tukitazama pasipo. Ukali wa mchezo hauko kwenye pigo, uko kwenye siku ya pili.

Nitawaambia nilikojifunza. Mwaka juzi nilianguka na bodaboda nikavunjika mfupa wa paja. Ile ajali yenyewe siikumbuki vizuri, ilikuwa kufumba na kufumbua. Ninachokumbuka ni majuma kumi na moja ya kulala chali nikitazama dari. Mamangu akipanda ngazi na ndoo ya maji. Kakangu akikosa kazi ili anishike nikienda msalani. Rafiki zangu wa meza walikuja kila Jumamosi wakakaa sakafuni, tukacheza mimi nikiwa nimelala. Pigo lilikuwa moja, lakini gharama yake ililipwa na watu sita kwa karibu miezi mitatu. Sasa nionyesheni kanuni gani ya mchezo inayosema hivyo.

Kumbe zipo, tena nyingine za zamani. Kitabu cha waendeshaji cha AD&D cha 1979, mrithi wa ile ya 1974, kinasema aliyefika sifuri akaokolewa anabaki hajitambui kwa muda, kisha lazima apumzike wiki nzima. Kupona kwa kawaida ni pointi moja kwa siku. Toleo la saba la Call of Cthulhu, mchezo wa visa vya kutisha, linakwenda njia hiyo: pigo moja likikuondolea nusu ya pointi zako au zaidi, hilo ni jeraha kubwa, na kupona kwake huhesabiwa kwa wiki, kwa dadu ambalo laweza kukunyima. Meza nyingi nilizokaa ziliziruka kanuni hizo kwa sababu ati zinachelewesha mchezo. Mimi nasema huo ndio mchezo wenyewe.

Kampeni yetu, yaani hadithi ndefu tunayoicheza Jumamosi hadi Jumamosi, iko ndani ya Fort Jesus, Waomani walipowazingira Wareno, kwenye mazingiwa yaliyoanza Machi 1696 hadi Desemba 1698. Mtoto wa Mji wa Kale amepita chini ya ule ukuta maisha yake yote, na amesikia habari za mizinga. Lakini wengi waliofia mle ndani hawakuuawa na mizinga, waliuawa na maradhi na njaa. Mwaka 1697 nahodha wa Kireno alikufa, na ngome ikabaki mikononi mwa Bwana Daud wa Faza na watu wake mpaka msaada ulipofika. Ndiyo maana wahusika wetu ni watu wa Faza. Ukiweka kanuni za kulala saa 8 na kuamka mzima ndani ya ngome ile, umefuta kilichowaua watu.

Basi nimeandika kanuni mpya, naomba mnisaidie kuzipasua.

Pointi za uhai naziita pumzi. Ukishambuliwa ukapoteza pumzi, maana yake umekwepa, umechoka, ngao imekupa maumivu ya mkono. Ukikaa kivulini ukanywa maji, zinarudi zote. (Wazo la kutenga pumzi na mwili si langu, mchezo wa Into the Odd unalo.) Pumzi zikiisha, kila pigo linaingia mwilini, na hapo linaitwa jeraha. Dadu la pande 20 linasema wapi, kama RuneQuest inavyofanya tangu 1978: 1 hadi 4 mguu wa kulia, 5 hadi 8 wa kushoto, 9 hadi 11 tumbo, 12 kifua, 13 hadi 15 mkono wa kulia, 16 hadi 18 wa kushoto, 19 na 20 kichwa.

Jeraha halikuui papo hapo. Kila alfajiri, kwa siku tatu, majeruhi anarusha dadu. Kinachomsaidia ni maji safi, dawa, kitambaa kilichochemshwa, na mtu aliyekesha naye. Na kila kimoja kina bei. Aliyekesha hakulinda ukuta. Maji aliyooshewa jeraha hayakunywewa na mtu.

Na juu ya yote, kabla hujarusha dadu la hatari, mwendeshaji aseme wazi: hapa ukikosa, utaumia mwilini, au utakufa. Waendelea?

Hapo ndipo nilipo. Semeni.

#2 Upanga wa Tudor

Mkuu, nimekusoma mpaka mwisho, na pole kwa ajali. Lakini kwenye kifo siko na wewe.

Mimi napenda mchezo uue. Traveller ya 1977 unaweza kufa hata kabla ya kuanza, ukiwa bado unamtengeneza mhusika, na watu waliupenda. Dungeon Crawl Classics kila mchezaji anaanza na wakulima kadhaa wenye pointi moja hadi nne kila mmoja, anawaingiza shimoni wote, na yule atakayetoka hai ndiye mhusika wake. Nimechezesha hiyo kwa vijana wa mtaani kwetu. Yule mmoja aliyetoka hai na koleo lake, wanamkumbuka mpaka leo kuliko shujaa yeyote niliyewapa tayari.

Mpwa wako ameumia kwa sababu alimpenda yule mpiga upinde. Na alimpenda kwa sababu alijua kwamba angeweza kumpoteza. Ukiondoa hilo, unampa nini?

#3 Nahodha wa Meza

@Upanga wa Tudor, hapo ndipo tunapoachana: hakujua. Angejua, nisingeandika uzi. Wale wakulima wako, kila aliyeketi mezani alijua tangu mwanzo kwamba wanakwenda kufa, ndio maana hakuna aliyeonewa. Sijaondoa kifo. Nimekisogeza mpaka alfajiri ya tatu ili watu wapate la kufanya kati ya pigo na kaburi.

#4 Mwalimu wa Bamburi

Nachezesha wasichana wanane kila Jumapili mchana, nyumbani kwangu, wengine wanatoka Kisauni na wawili wanavuka kivuko kutoka Likoni. Nitasema mawili.

La kwanza ni la kiti. Msichana anayetoka Likoni akifa saa nane mchana, anafanya nini mpaka saa kumi na moja? Hawezi kuondoka, nauli yake ni ya pamoja na mwenzake. Nimeshamuona mtoto ameketi saa tatu nzima akijifanya hajali. Tangu siku ile, kwenye meza yangu aliyekufa anakabidhiwa mtu mwingine palepale: mlinzi, baharia, mpishi. Nakuwa nao tayari, wameandikwa kwenye vikaratasi, wana majina na shida zao. Kwa hiyo hata kama kanuni yako itaua alfajiri ya tatu, nahodha, usiache kiti kitupu.

La pili ni zito zaidi. Umesema umevunjika paja. Wewe umeamua kulileta mezani na ni haki yako. Lakini kwenye meza yangu kuna mtoto ambaye babake alikatwa mguu kwa sababu ya sukari. Siku tulipokuwa na kanuni ya kukatwa viungo, lilipotoka dadu la mguu alinyamaza kabisa. Hakulia, hakutoka, alinyamaza. Nilisimamisha mchezo nikachemsha chai. Sasa, kabla ya kampeni kuanza, namuuliza kila mmoja faraghani: kuna jeraha gani hutaki tulisimulie? Hawaelezi sababu, nami sitaki kuijua. Wakisema macho, macho hayaguswi. Wakisema mimba, haiguswi. Orodha yako ya mguu, tumbo, kichwa ni nzuri, ila mwulize kila mtu kabla ya kuitumia.

#5 Nahodha wa Meza

Mwalimu, ahsante sana. Hili la kuuliza faraghani sikuwa nalo kabisa, nitalifanya kabla ya Jumamosi.

#6 Hesabu Kamili

Mimi ni mtu wa namba, naomba tuzitazame.

Jambo ambalo watu wengi hawalioni kwenye kanuni za majeraha: zinawaumiza wachezaji kuliko maadui, hata kama zimeandikwa sawa kwa wote. Tuseme meza ina kanuni kwamba 20 kwenye dadu inaleta jeraha la kudumu. Adui wa kawaida anaishi pambano moja tu, anashambuliwa labda mara nne, kisha amekufa au amekimbia. Jeraha la kudumu halimhusu, maana hana kesho. Mchezaji wako anapigana mapambano 30 kwenye kampeni. Kila moja akishambuliwa mara nne, hiyo ni mara 120, na 20 itatoka wastani mara sita. Majeraha sita ya kudumu kwa kila mchezaji! Mwisho wa kampeni una jeshi la vilema. Rolemaster ilikuwa na majedwali ya mapigo makali yanayosomeka vizuri mno, na watu waliyapenda mpaka pale jedwali lilipowageukia wao.

Kanuni ya nahodha imeepuka nusu ya tatizo, kwa sababu jeraha linakuja baada ya pumzi kuisha na si kwa bahati ya dadu moja. Hilo ni zuri. Lakini je, majeruhi akishajeruhiwa anapigana vibaya zaidi? Ukimpunguzia nguvu kwa kila jeraha, unaanzisha mteremko: aliyeumia anaumizwa tena kwa urahisi, na pambano linaamuliwa na pigo la kwanza. Kama unataka watu waogope kuanza vita, fanya hivyo. Kama unataka vita vyenyewe viwe na mgeuko, usimpunguzie kitu mpaka vita viishe. Acha damu iwe moto, maumivu yaje baadaye.

#7 Nahodha wa Meza

Kaka, hilo la damu moto nalichukua lilivyo. Mimi mwenyewe nilijaribu kusimama baada ya kuanguka. Maumivu yalikuja baadaye.

#8 Upanga wa Tudor

Hesabu ni sahihi, lakini inaficha kitu. Mapambano 30 yanatoka wapi? Yanatoka kwenye michezo inayowafanya watu wapigane kila baada ya nusu saa. Call of Cthulhu mtu wa kawaida ana pointi kama 11. Bunduki ya marisau ikipigwa karibu ni dadu nne za pande sita, wastani 14. Hakuna mwenye akili anayetaka mapambano 30 pale. Nimecheza kampeni moja ya miezi mitano, tulipigana mara tatu, na kila mara tulikuwa tumepanga wiki nzima. Mchezo mkali hauui watu wengi. Unawafundisha kuzungumza, kuvizia, kulipa, kukimbia.

Mchezo ambao maadui wamewekwa njiani kama mawe halafu kanuni zinaua, huo ndio unaonea watu.

#9 Mzee wa Baraza, Mji wa Kale

Wanangu, mimi mambo yenu ya dadu la pande ishirini siyajui, mchezo wangu ni bao. Mjukuu wangu ndiye alonionyesha uzi huu nikausoma wote.

Mwabishana kama shujaa afe kwa mshale mmoja au asife. Fumo Liyongo mwamjua. Mishale haikumuua wala mikuki. Alikuwa na jambo moja tu, sindano ya shaba kitovuni, na siri hiyo aliitoa mwenyewe kwa mwanawe. Alipochomwa hakuanguka. Alikwenda kisimani akapiga goti na upinde wake mkononi, akafa vile vile, na watu wakakaa siku na siku hawathubutu kwenda kuteka maji kwa kuwa hawakujua kama yu hai au amekufa.

Sasa niwaulize. Yule ni shujaa asokufa, au ni shujaa afao upesi? Kila asikiaye kisa kile ajua sindano iko, tena ajua mapema. Watoto wetu walikuwa wakikaza mikono sindano ikitajwa. Huyu kijana wa Faza, sindano yake haikutajwa.

#10 Nahodha wa Meza

Shikamoo mzee wangu. Nimelisoma mara tatu. Msunguti ulikuwa ndiyo sindano, na mimi niliuficha. Ningesema tu mapema kwamba wavuvi wa upande wa bara wanaogopa mishale ya mtu fulani, kwamba mbuzi alichomwa akafa kabla hajafika zizini, mpwa wangu angetoka ngomeni akiwa na habari. Angeweza kufa vile vile.

#11 Mwalimu wa Bamburi

Na angekuwa na kisa cha kusimulia.

#12 Nahodha wa Meza

Wanajukwaa, narudi na habari za Jumamosi.

Niliwauliza wote faraghani kama mwalimu alivyonielekeza. Mmoja alitaja jambo, tumeliondoa. Mpwa wangu amekuja na mhusika mpya, mdogo wake yule mpiga upinde, aliyekuwa akimsubiri kakake langoni usiku ule. Sikumshauri, alilileta mwenyewe.

Walitoka tena ngomeni. Safari hii nilisema kila kitu: msunguti uko, aliyenao ni mmoja, anavaa kitambaa cheupe, anakaa nyuma ya wenzake. Walikaa wakapanga karibu saa nzima ya saa halisi. Yule wa kitambaa cheupe walimzunguka kupitia mikokoni na hakupata kurusha hata mshale mmoja. Aliyempata mpwa wangu alikuwa mwingine, mwenye mkuki. Pumzi zilikuwa zimekwisha, dadu likatoka 7: paja la kushoto. Akapigana mpaka mwisho bila kupunguziwa chochote, kisha akaanguka ndani ya mtumbwi.

Halafu ikaja siku ya pili, na hapo ndipo meza ilipochangamka kuliko vita vyote tulivyowahi kucheza. Maji ya ngomeni yalikuwa yamepimwa, vikombe viwili kwa mtu. Mshika bunduki akatoa kimoja chake kuoshea jeraha. Binti anayecheza mpishi alikesha naye, kwa hiyo zamu yake ya ukutani ilibaki wazi, na usiku ule Waomani waliusogelea ukuta mahali pale pale. Wawili walibishana mpaka sauti zikapanda: tumwokoe mmoja au tulinde mia? Sikuingilia. Nilikuwa nimeshika daftari tu.

Alfajiri ya kwanza akafaulu. Ya pili homa ikapanda, akashindwa. Ya tatu mpwa wangu alishika dadu muda mrefu, kila mtu amenyamaza, chai imepoa. Nikamwambia bei kabla hajarusha: ukipata 10 kwenda juu unapona, 4 hadi 9 unaishi lakini mguu hautarudi ulivyokuwa, chini ya 4 tunakuzika.

Likatoka 4.

Ameandika kwenye karatasi yake, chini ya jina: achechemea, mguu wa kushoto. Akaniuliza, "Mjomba, mtu anayechechemea anaweza kupewa kazi ya kulinda kisima?" Nimemwambia anaweza.

Kilichobaki kwangu ni swali la Upanga wa Tudor kuhusu mapambano 30. Kwa mwendo huu tutapigana labda mara nane hadi Desemba 1698, na sijui kama kanuni ya pumzi bado inahitajika au niitoe kabisa. Tunaendelea Jumamosi ijayo saa kumi na nusu, baada ya Alasiri, ghorofa ya pili. Viti viwili viko wazi.